Uzi: Mtazame sungura wako anavyolala, utajua kama anakula sawasawa

Mleta uzi (Arusha)

Wadau, salaam.

Nafuga sungura wa kukaa naye nyumbani, si wa kitoweo. Kila anayeanza kufuga huniuliza mambo mawili: mbona huyu mnyama halali, na nimlishe nini? Watu huyauliza kana kwamba hayahusiani. Kwangu ni jambo moja, na ndiyo sababu ya uzi huu. Tumbo la sungura lina kazi linayoifanya akiwa amepumzika, na tumbo likiharibika mapumziko yake nayo huharibika. Ukijifunza anavyolala utashtuka mapema akianza kuumwa, na kwa mnyama huyu mapema ni suala la saa, si la siku.

Tuanze na ratiba yake. Sungura huchangamka alfajiri na magharibi. Sungura wote wa kufugwa wametokana na yule wa porini wa Hispania na Ureno, aliyekuwa akijificha kwenye mashimo mchana na kutoka kula mwanga ukiwa hafifu. Huku kwetu karibu na ikweta tuna nafuu moja: jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kwa hiyo ratiba yake haiyumbi sana. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho, anakimbia huku na huku, anagongagonga chombo cha maji. Kuanzia kama saa tatu asubuhi anatulia mpaka alasiri. Jua likielekea kuzama anaanza upya, na usiku katikati anapumzika tena. Ukijumlisha vyote analala karibu saa 8 kwa siku, lakini kwa vipande vifupi vifupi. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na sungura muda mrefu akaapa hajawahi kumwona amelala.

Halafu kuna suala la macho. Sungura anaweza kulala macho yakiwa wazi. Ana kope la tatu, ngozi nyembamba inayolinda jicho lisikauke. Kwa hiyo usiangalie macho, angalia pua. Akiwa macho pua inachezacheza muda wote. Akisinzia inapunguza kasi, na usingizi ukimkolea inasimama. Masikio nayo yanalala mgongoni.

Mikao nayo ina maana zake. Akijikusanya na miguu yote ikiwa chini ya mwili, mgongo umelegea, huyo anasinzia lakini yuko tayari kukimbia. Akinyoosha miguu ya nyuma, anajisikia salama. Akijibwaga ubavu kwa ghafla, tumbo nje, hiyo ni imani kubwa kwa nyumba yako. Wengi huogopa wakimwona hivyo, wakadhani amekufa. Tazama mbavu kama zinapanda na kushuka, kisha muache.

Sasa tumbo. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, sungura ana mfuko mkubwa sana wenye vijidudu vinavyochachusha majani. Nyuzi ngumu zinapita moja kwa moja na kutoka kama vile vidonge vikavu vya duara tunavyovifagia. Sehemu laini inarudishwa kwenye mfuko, inachachushwa, kisha inatoka kama kinyesi laini cheusi chenye utelezi, kimeshikana kama kichala cha zabibu. Hicho sungura anakila chote, akikichukua moja kwa moja kutoka nyuma. Humo mna protini na vitamini za kundi B na K zilizotengenezwa na vile vijidudu. Hufanya hivyo akiwa ametulia, mara nyingi saa chache baada ya mlo mkubwa, kwa hiyo yale mapumziko ya mchana ndiyo muda wa mlo wake wa pili.

Ndiyo maana nawasihi wenye watoto: msimtoe sungura bandani saa saba mchana ili watoto wamchezee. Unamkatisha usingizi na chakula kwa pamoja. Watoto wacheze naye jioni, yeye mwenyewe atakuwa anataka mchezo.

Na ukikuta kile kinyesi laini kimeachwa sakafuni au kimegandia manyoya ya nyuma, kwanza jiulize amekula nini. Mara nyingi ni wanga mwingi: pumba, mkate, mahindi, karoti nyingi, ndizi. Akipata shibe ya vitu hivyo hana haja ya kile kinyesi, na vijidudu vya tumboni vinavurugika. Sababu nyingine ni unene, au maumivu ya mgongo au meno yanayomzuia kufika nyuma.

Chakula chenyewe ni rahisi kuliko tunavyokifanya. Karibu asilimia 80 hadi 85 ya anachokula iwe nyasi, kavu au mbichi, na zisikosekane bandani usiku wala mchana. Zilizobaki ni majani ya mboga na magugu salama, na peleti (chakula cha dukani kilichoshindiliwa vipande vidogo) kidogo kama unazo, gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Matunda na karoti ni vya kuonjeshwa. Nyasi zina kazi mbili ambazo hakuna kingine kinachozifanya vizuri hivyo. Kwanza zinalisukuma tumbo lisisimame. Pili zinasaga meno: sungura ana meno 28, yote hayaachi kukua, na yale ya mbele hukua kama milimita 2 kila wiki. Asipotafuna vya kutosha, magego huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu, na hapo ataacha kula hata akiwa na njaa.

Karibuni tuongeze.

Mama wa Tegeta

Asante kwa uzi, mwanangu. Nina swali la joto. Wangu ni mweupe mwenye manyoya mengi, na Januari hii huku Dar mchana analala kifudifudi kwenye sakafu, miguu amenyoosha mbele na nyuma, anapumua haraka haraka. Hivyo ni kulala au ni kuumwa? Na majani anayaacha mpaka usiku.

Mleta uzi (Arusha)

Shikamoo mama. Kujinyoosha kwenye sakafu ni kutafuta ubaridi, hilo halina shida. Kupumua ndiko kunanitia wasiwasi. Sungura akiwa ametulia hupumua kama mara 30 hadi 60 kwa dakika, hesabu mbavu. Hatoi jasho; joto lake hulitoa zaidi kupitia masikio. Hali ya hewa inayompendeza ni nyuzi 15 hadi 21, na zikifika 28 au 30 yuko hatarini, kwa hiyo Dar kuanzia Desemba mpaka Machi lazima asaidiwe. Chukua chupa ya maji, igandishe, izungushie kitambaa, mlazie pembeni aegemee akitaka. Lowesha masikio kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Usimtumbukize kwenye maji ya baridi, mshtuko unaweza kumuua. Ukimwona mdomo uko wazi, udenda unatoka na masikio yana moto, huo si usingizi, mkimbize kwa daktari huku ukiendelea kumlowesha masikio.

Kuacha majani mchana wa joto ni kawaida mradi jioni anakula kwa nguvu. Mwekee maji kwenye bakuli zito badala ya chupa ya kunyonya, atakunywa mengi zaidi. Kadiria mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, na kwa joto hilo zaidi. Mboga mpe zikiwa zimeoshwa na bado zina maji.

Mfugaji wa Nakuru

Hapa kwetu tunatumia boma rhodes, aina ya nyasi za malisho, inauzwa kwa robota na ng'ombe wanaila pia. Sungura wangu anaipenda ikiwa bado na rangi ya kijani na harufu tamu. Ile ya manjano iliyokaa sana anaitumia kama kitanda. Nilikuwa nataka kujua kuhusu lusini, lile jani la malisho la jamii ya kunde, maana muuzaji anasema ndiyo bora kwa sababu ina protini.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Nianze na lusini. Ni nzuri kwa sungura anayekua, mpaka miezi 6 au 7, na kwa jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Kwa mkubwa wa kukaa nyumbani ina protini na kalsiamu nyingi mno. Sungura hufyonza karibu kalsiamu yote inayokuja na chakula, kisha ile ya ziada huitoa kwenye mkojo. Ndiyo maana mkojo wake huacha unga mweupe ukikauka. Ukiwa mzito kama uji wa chokaa, kibofu kiko matatani. Boma rhodes endelea nayo, ni nyasi sahihi. Wa Tanzania wasioipata watumie ukoka, matete machanga yaliyokatwakatwa, au nyasi nyingine za malisho zilizokaushwa.

Mkojo mwekundu usiwatishe papo hapo, kuna mimea inayoubadilisha rangi. Lakini akijikamua au kukojoa matone matone, mleteni apimwe.

La pili ni dawa, na hili naomba kila mtu alisome. Msimpe sungura amoksilini wala dawa nyingine ya jamii ya penisilini kwa mdomo, hata kama imebaki ya mtoto na sungura ana kidonda tu. Inaua vijidudu vyema vya ule mfuko alioueleza mleta uzi, vibaya vinashamiri na kutoa sumu, na sungura anaharisha mpaka kufa. Muulizeni anayewauzia dawa kama inafaa kwa sungura, na asipojua, msinunue.

La tatu, chakula cha kuku si chakula cha sungura. Kina nafaka nyingi na nyuzinyuzi kidogo, na baadhi huwekwa dawa za kuku ambazo sungura hazivumilii. Hata peleti za sungura nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kumnenepesha achinjwe mapema. Someni mfuko, kwa sungura wa nyumbani tafuteni yenye nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi.

Msomaji wa Unguja

Naomba orodha ya majani ya huku. Mimi humpa mchunga, anaufurahia kupita kiasi.

Mleta uzi (Arusha)

Mchunga ni mzuri, na wa bure. Kishonanguo pia, kabla hakijatoa mbegu zile zinazonasa kwenye nguo. Majani ya mgomba, matembele kidogo, giligilani, majani ya karoti yenyewe, ambayo ni bora kuliko karoti. Kongwa anaipenda lakini ina maji mengi, kwa hiyo inyaushe kwanza. Mchicha na sukuma wiki zungusha, leo hiki kesho kile, usimpe kimoja kila siku. Kabichi huwajaza gesi baadhi yao, mimi siipi.

Mwiko kabisa: majani ya parachichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, kitunguu, kitunguu saumu, maharage makavu, kisamvu kibichi, na lantana, ule mmea wa uzio wenye vimaua vya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja. Majani ya bustani ya watu usiyachume kama hujui yalipigwa dawa lini. Na nyasi zilizokatwa na mashine usimpe zikiwa zimelundikwa, zinachacha haraka.

Chakula chochote kipya kiingize pole pole, kwa wiki moja au zaidi kidogo. Sungura hawezi kutapika. Kinachoingia vibaya lazima kipite njia nzima.

Kijana wa Kimara

Wakuu naomba msaada wa haraka. Sungura wangu tangu asubuhi amekaa kona moja amejikunja, macho nusu. Kwa kuwa mlisema mchana hulala nikamwacha. Sasa ni saa kumi na mbili jioni, muda mliosema anachangamka, hajasogea. Majani ya asubuhi yapo yote. Jana jirani aliwapa watoto mkate, nao wakamlisha karibu wote. Anasaga meno, nasikia nikiwa mlangoni. Je, ni usingizi?

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Si usingizi kijana wangu. Hayo ni maumivu. Angalia chini ya banda: kuna vidonge vya kinyesi vya leo? Mshike masikio: yana joto au baridi? Gusa tumbo taratibu: laini, au limekaza?

Kijana wa Kimara

Vidonge vichache sana, vidogo, vikavu. Masikio ya baridi. Tumbo limejaa ila bado linabonyea.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Tumbo limesimama. Mpeleke kwa daktari usiku huu, usisubiri kesho. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 ni dharura, na wewe uko hapo tayari. Njiani mpe joto: chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kitambaa, ubavuni. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38.5 hadi 40. Likishuka chini ya 38 hali ni mbaya. Usimlazimishe chakula mpaka daktari aliguse tumbo, kwa sababu kama limeziba utampasua. Usimpe dawa ya binadamu ya maumivu. Mwambie daktari kuhusu mkate. Atahitaji dawa ya maumivu na maji chini ya ngozi, na kama halijaziba, chakula laini chenye nyuzinyuzi kwa bomba la sindano.

Kwa wengine wanaosoma, kuna njia ya kutofautisha. Aliyelala vizuri mwili umelegea, na ukiweka jani analopenda mbele ya pua, ataamka alinuse hata kama hatalila. Mwenye maumivu mgongo umeinuka, tumbo amelibana au amelikandamiza sakafuni, anahama hama kutafuta mkao, na jani hata halitazami. Kusaga meno kwa sauti ndogo ukiwa unampapasa ni raha. Kusaga kwa nguvu akiwa peke yake ni maumivu.

Mama wa Tegeta

Mungu amsaidie. Mwanangu wa Kimara, tupe habari.

Msomaji wa Unguja

Tukiwa tunasubiri, naomba kuuliza. Wajukuu wangu humlaza chali mapajani, anatulia tuli, macho wazi. Wanasema wamembembeleza akalala.

Mleta uzi (Arusha)

Wakatazwe, bibi, kwa upole. Ule si usingizi. Mnyama anayewindwa akigeuzwa chali huganda kwa woga, kama vile ameshakamatwa. Ana hofu kubwa ingawa mwili umetulia. Na akishtuka akirusha miguu ya nyuma anaweza kuvunja uti wa mgongo, maana misuli yake ina nguvu kuliko mifupa inavyohimili. Wamlaze kifudifudi, mkono mmoja kifuani na mwingine chini ya matako, au bora zaidi wakae chini yeye awafuate.

Mfugaji wa Nakuru

Wangu usiku hupiga mguu chini, pu! pu!, kisha kimya, kisha tena. Tunakosa usingizi nyumba nzima.

Mleta uzi (Arusha)

Anatoa taarifa ya hatari, ndugu. Toka na tochi uangalie. Mara nyingi ni paka, panya au mbwa wa jirani, na huku kwetu msimu wa mvua ni siafu. Siafu wakiingia kwenye banda ambalo sungura hawezi kutoka, asubuhi hukuti kitu hai. Simamisha miguu ya banda kwenye makopo yenye maji au oili chafu, na hakikisha hakuna tawi linalogusa banda. Mwekee pia sanduku la kujificha lenye matundu mawili, asijione amebanwa. Akiwa na mahali pa kukimbilia atalala.

Na kama sakafu ni ya waya mtupu, weka ubao sehemu moja. Sungura hana nyayo za ngozi nene kama paka, ana manyoya tu, kwa hiyo waya unamtoboa vidonda na anashindwa kupumzika. Utamwona anabadilisha mguu kila mara, au analala ndani ya chombo cha chakula. Watu hudhani ni mapenzi ya chakula, kumbe ndipo pekee pasipomuumiza.

Kijana wa Kimara

Wakuu, nimerudi. Tulipata daktari usiku ule. Hakukuwa na kuziba. Alipigwa sindano ya maumivu, akawekewa maji, nikapewa chakula cha kumlisha kwa bomba kila baada ya saa chache. Leo alfajiri nimekuta vidonge, bado vidogo, vingine vimeungana kwa manyoya. Amekula giligilani mwenyewe na amejilaza ubavu. Daktari wa Morogoro, nakushukuru kutoka moyoni.

Daktari wa mifugo (Morogoro)

Habari njema. Vidonge vilivyoungana kwa manyoya vinaonyesha tumbo lilikuwa limepunguza mwendo, vitakuwa vikubwa akiendelea na nyasi. Siku chache hizi mpe nyasi na majani tu, peleti acha kwanza. Maliza dawa zote. Mchane manyoya yaliyolegea kila siku asiyameze. Na wape watoto kazi ya kumpelekea nyasi jioni, hiyo hawawezi kumdhuru nayo.

Mama wa Tegeta

Alhamdulillahi. La mwisho kwangu: nyasi kavu huku Tegeta nazipata kwa shida, na masika zinaota ukungu. Nifanyeje?

Mleta uzi (Arusha)

Mama, kata mwenyewe ukoka au nyasi za malisho wakati wa kiangazi, kabla hazijatoa mbegu. Zitandaze nyembamba juani, uzigeuze mara kwa mara mpaka ukizikunja zinavunjika kidogo lakini bado zina rangi ya kijani. Zihifadhi kwenye gunia la katani au boksi linalopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Usitumie mfuko wa plastiki uliofungwa, hapo ndipo ukungu unapoanzia. Kabla ya kumpa nusa: zikinuka uvundo au zikitoa vumbi jeupe, tupa zote, usichague. Masika zikikuishia mpe nyasi mbichi, lakini zikate umande ukishakauka, uzinyaushe kivulini saa chache, na umzoeshe kidogo kidogo ili asiharishe.